Safu ya Kuuma

Marijani hujibu kabla hajaulizwa.
Ukisukuma mlango wa chumba cha nyuma, Ganjoni,
taa haijawaka, yeye kashatangulia:
"Sijambo! Sijambo sana!"
kwa sauti ya marehemu Bwana Badawi,
na kikohozi chake kikifuata, kikavu, mara mbili.

Kasuku wa kijivu, mkia mwekundu,
miaka ishirini na sita juu ya kijiti kimoja:
mpini wa ufagio, laini, unene uleule
usiku na mchana, kaskazi na kusi.
Nyayo zilifanya sugu, kisha sugu ikapasuka.
Kifua amekinyonyoa hadi kwenye ngozi,
kama kuku wa Marikiti.

Bi Zamzam, mjane, alimleta kwa tuktuk,
tundu limefunikwa leso
iliyoandikwa: Jina walijua, hali huijui.
"Mbona yuwasema mzima?" aliuliza.
"Kila asubuhi yuwanambia hajambo."

Daktari Mwakesi hakubishana naye.
Aliniambia mimi, baadaye, akinawa mikono:
ndege anayewindwa hufunika.
Anayechechemea ndiye mwewe amchaguaye.
Usisikilize mdomo. Hesabu.

Nikahesabu.
Kamera pembeni, saa ukutani, daftari la mistari.
Kasuku kumi na wawili, kila mmoja na safu zake:
amehamisha uzito mara ngapi,
amefumba jicho gani,
papai amelishika kwa mguu upi,
manyoya mangapi sakafuni.
Safu ya mwisho niliichora mwenyewe, nikaandika: KUUMA.
Daktari akacheka. "Kuuma kupi?
Yeye kuuma watu, au mguu kumuuma yeye?"
Sikuwa na jibu. Nikaiacha wazi.

Dawa ni matone juu ya kipande cha ndizi.
Chupa ina herufi, haina jina.
Nusu yao wanapewa dawa, nusu maji ya sukari,
na mimi mshika bomba sijui nani kapewa nini.
Siku ya tisa Marijani aliinua mguu wa kushoto,
akaushusha, akauinua,
mara arobaini na moja kwa saa moja,
na kila nikisogea: sijambo, sijambo sana.
Nilitamani kumwibia tone la chupa nyingine.
Sikuiba.
Sijui kama hilo ni la kujisifia.

Nyumbani Kisauni mama alikuwa akiosha mchele.
"Hujambo, mama?"
"Sijambo, mwanangu."
Nikatazama alivyoliegemea sinki.
Salamu yetu ni nzuri. Haina mahali pa goti.

Siku ya ishirini na moja bahasha ikafunguliwa.
Maji. Siku zote zile, maji.
Jioni ileile akapewa dawa yenyewe.
Nikautoa mpini wa ufagio,
nikamfungia tawi la mpera na gome lake,
nene huku, jembamba kule,
mguu uchague.

Alfajiri ya tatu
nilimkuta amesimama kwa mguu mmoja: wa kushoto.
Wa kulia ameuficha manyoyani,
kama mtu aliyetia mkono mfukoni akingoja chai.
Alikuwa akisaga mdomo polepole,
mlio wa changarawe chini ya kiatu.
Hakunisalimu.

Bi Zamzam akapiga simu.
"Yuwasemaje leo?"
"Hajasema kitu."
Kimya. Kisha, kwa sauti ndogo: "Amekufa?"
"La. Amepumzika."

Saa mbili kasorobo nilitia mkono kukaza kamba ya tawi.
Akaniuma.
Tone la damu likaanguka juu ya daftari, kando ya tarehe.
Nikaifikia safu ile ya mwisho,
nikaandika: mara moja.
Kisha nikaongeza, ili Daktari asiulize:
kidole changu.